Msichana wa miaka 13 asiyejua Kiswahili akae darasa la ngapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini, wilaya ya Bahi, Dodoma. Mwaka jana alihamia hapa kijijini bibi mmoja kutoka makazi ya Mishamo, Katavi, Mrundi wa zamani, sasa ana uraia wa Tanzania. Amekodi shamba la mpunga. Januari hii ameniletea wajukuu wanne. Wawili wamezaliwa na kukulia Mishamo, hao hawana shida. Wawili ni watoto wa binti yake aliyebaki Burundi. Wamefika Novemba, msichana wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Kiswahili hawajui na karatasi ya shule hawana hata moja. Walimu wangu wanasema wote wawili waanzie darasa la kwanza mpaka washike lugha. Wazazi nao wameanza maneno, kwamba "wakimbizi" wanakunywa uji ambao bibi yao hajauchangia. Nifanye nini? Na mimi mwenyewe niko salama nikiwaandikisha?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Nianze na hilo la darasa la kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, hilo haliwezi.

Msimwingize msichana wa miaka 13 darasa la kwanza. Najua kwa nini walimu wako wamefikia hapo: hajui lugha, na lugha inafundishwa chini, basi ashuke chini. Lakini mweke kwenye dawati katikati ya watoto wa miaka sita, magoti yakigota ubao wa juu, halafu mhesabie wiki. Nimeshaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda, nilipokuwa nafundisha Kigoma na baadaye nilipokuwa nakagua shule. Mwezi wa kwanza anakaa kimya. Mwezi wa pili anaanza kutumwa kwa sababu ndiye mkubwa: kachote maji, kamwite mwalimu, washike hao wadogo. Ukifika mwezi wa nne amekuwa yaya wa darasa, na kabla ya likizo ya Juni utasikia yuko kwa watu anafanya kazi za ndani Dodoma mjini. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna siku utakayoweza kuitaja kuwa ndiyo aliyoacha shule.

Kosa liko kwenye kuchanganya vitu viwili, anachokijua na lugha anayokijulia. Msichana wa miaka 13 aliyesoma Burundi huenda amefika mwaka wa tano au wa sita. Kule madarasa ya mwanzo wanafundishwa kwa Kirundi, kisha wanahamia Kifaransa. Anajua kuzidisha, anajua sehemu, anajua mmea una mizizi ya kazi gani. Anachokosa ni maneno yenu ya kuyasemea hayo.

Sasa, namna ya kujua amefika wapi bila kumuuliza neno. Mwite ofisini asubuhi, akiwa na binamu yake mmoja wa Mishamo asije akadhani ameitiwa kosa. Mpe karatasi yenye hesabu tupu, zisizo na maneno, kutoka nyepesi kwenda nzito: 46 + 38, halafu 302 − 157, 24 × 6, 96 ÷ 4, robo tatu jumlisha moja ya nane, mwisho 2.5 + 0.75. Mwache peke yake dakika ishirini. Pale atakapokwama ndipo darasa lake lilipo, kwa hesabu angalau.

Ukisahihisha, fungua macho. Waliofundishwa kwa mkondo wa Kifaransa huikata saba kwa kistari katikati, na moja huipa mkia mrefu juu, kiasi kwamba mwalimu mwenye haraka anaisoma moja yao kuwa saba na saba yao kuwa F. Kwenye desimali hawaweki nukta, wanaweka mkato: 3,25 kwao ndiyo 3.25 yetu. Na kugawanya ndiko kunakowaponza zaidi. Sisi tunaweka kigawanyo kushoto na jibu juu ya mstari. Wao wanakiweka kulia, wanapiga mstari wima, na jibu linashuka chini ya kigawanyo. Ukilitazama kwa mara ya kwanza unadhani mtoto amechora ngazi. Katika shule moja nilikuta daftari lenye migawanyo kumi, yote sahihi, yote imepigwa kosa kwa wino mwekundu, na chini yake mwalimu ameandika "Soma maelekezo". Mtoto mwenyewe alikuwa ameacha kufanya kazi za nyumbani tangu siku hiyo. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto zaidi ya tisini darasani na hakuwahi kuonyeshwa kwamba duniani kuna namna mbili za kugawanya.

Baada ya hesabu, mpe kitu cha kusoma kwa Kirundi. Utakitoa wapi? Kwa bibi. Sina shaka sana kwamba ana Biblia au kitabu cha nyimbo cha Kirundi kwenye sanduku. Msikilize akisoma hata kama huelewi kitu. Kama anakwenda bila kuburuta silabi, anajua kusoma, na mtu hajifunzi kusoma mara mbili. Hapohapo mfungulie kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu, asome kwa sauti. Utashangaa. Irabu zetu ni zilezile tano, silabi zinafanana, atakisoma ukurasa mzima bila kujua unasema nini. Atajikwaa kwenye "ch", kwa kuwa wao sauti hiyo wanaiandika kwa c peke yake, kama kwenye icumi, yaani kumi. Hilo kwenu si geni hata kidogo: wazee wanaosoma Biblia ya Kigogo hapo kijijini wanaandika Cigogo kwa c hiyohiyo.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha walimu wako jambo. Kila Januari mnapokea watoto wa darasa la awali na la kwanza wanaotoka nyumbani na Kigogo kitupu. Mwalimu wa darasa hilo anawaamkia "mbukwa", anaeleza kwa Kigogo, anarudia kwa Kiswahili, anaonyesha kwa mkono, na kufikia Agosti wanaimba. Hakuna aliyemwandikia mwongozo. Ukiwaambia walimu wako kwamba wanapokea "mtoto mkimbizi" wanaogopa, wanasubiri semina. Waambie wanapokea mtoto asiyejua Kiswahili. Kazi hiyo wanaijua kuliko mimi.

Kama hesabu zake zimefika kwenye sehemu na desimali, mimi ningemweka darasa la tano, si la nne. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, utamkuta Kiswahili bado hakijakaa, na alama hiyo itamfuata. La tano halina mtihani wa nje, na anapata muda wa kutosha kabla hajakutana na mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kama amekwama kwenye kuzidisha, basi la nne au hata la tatu, lakini chini ya hapo usishuke. MEMKWA nayo, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, imewekwa kwa ajili ya watoto wa namna hii, na kundi lake la kwanza linamchukua hata mwenye miaka 13. Kama kata yenu ina kituo kinachofanya kazi kweli, chenye mwalimu anayeingia kila siku, kifikirie. Kama kimebaki jina kwenye taarifa za robo mwaka, achana nacho.

Mdogo wake wa miaka minane hana mgogoro mkubwa. Mweke darasa la pili na umruhusu vipindi vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) vya asubuhi aingie darasa la kwanza. Kwa umri wake hataona aibu, na watoto wa kiume wakishapata mpira wa makaratasi wa kupiga, lugha inakuja yenyewe.

Lugha ya mpira lakini si lugha ya kitabu, na hili nalisisitiza kwa sababu litawadanganya mwakani. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada aliyeandika sana kuhusu watoto wanaosomea lugha ya ugenini, alionyesha kwamba mtoto huweza kuongea vizuri na wenzake ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila lugha ya masomo inamchukua miaka mitano na zaidi. Kufikia Desemba msichana wako atakuwa anagombana kwa Kiswahili kisafi kisimani. Mtasema "huyu sasa anajua", mtaacha kumsaidia, halafu atafeli Sayansi na mtasema hana akili.

Kwa hiyo msaidieni kwa mpango. Dakika thelathini kila siku kabla ya paredi zinatosha, mwalimu mmoja, huyohuyo kila siku. Asianze na "hili ni embe, hili ni chungwa". Maembe atayajua sokoni. Aanze na maneno ya maagizo, yale yanayokaa mwanzo wa kila swali: jumlisha, toa, gawanya, taja, eleza, linganisha, oanisha, jaza nafasi, chora, pigia mstari. Ni maneno kama ishirini. Akiyashika hayo, nusu ya maswali ya mtihani yanafunguka. Baadaye mwingize kwenye maneno ya somo moja moja: asili na kiasi kwenye sehemu, mzingo, eneo, kigawe kidogo cha shirika. Hilo la mwisho, nikiri, hata watoto wetu wenyewe linawatoa jasho.

Anzeni na yanayofanana, yampe moyo. Kitabu kwake ni igitabu, kalamu ni ikaramu, shule ni ishure. Kusoma ni gusoma, kuandika ni kwandika, mvua ni imvura, nyama ni inyama. Tatu ni gatatu, nne ni kane, tano ni gatanu, nane ni umunani. Mwambieni ahesabu kwa Kirundi mbele ya darasa mara moja, darasa lote litabaki limeduwaa likisikia linaelewa.

Ila kuna maneno yanayofanana sura na kupishana maana, na moja nimelibeba miaka yote. Kwa Kirundi, kuja ni kwenda. Kuja kwetu sisi, wao wanasema kuza. Katika shule moja nilimwona mwalimu akimwambia mvulana aliyekuwa na wiki mbili tu, "Naomba uje hapa mbele." Kijana akasimama, akamtazama, akachukua daftari lake, akatoka mlangoni. Mwalimu akamfuata, akamrudisha, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Nimesema uje!" Kijana akatoka tena, safari hii anakimbia. Alichapwa kwa ukaidi. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma na fomu yangu ya ukaguzi nilichelewa kuelewa, nikaelewa jioni nikiwa nyumba ya wageni, mhudumu Mha, ambaye lugha yao inakaribiana na Kirundi, aliponitafsiria kwa kucheka. Kesho yake nilirudi kumwambia mwalimu, na tukamwomba radhi mtoto wote wawili, lakini hakuwahi tena kukaa dawati la mbele. Sasa waambie walimu wako, kwa miezi mitatu ya kwanza: neno liende na mkono. Na fimbo iwekwe kando kabisa kwa kosa lolote ambalo huna hakika kama agizo lilieleweka.

Wale wajukuu wawili wa Mishamo ni hazina uliyoletewa bila kuiomba, wanajua Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha shule. Watumie, kwa kipimo. Watafsiri asubuhi, watafsiri siku ya kwanza ya somo jipya, basi. Ukimtoa mtoto darasani kila saa akatafsiri darasa jingine, utamwangusha yeye ili kumwinua binamu yake.

Na tukiwa hapo kwa hao wawili: jina "wakimbizi" litoke kwenye mazungumzo ya ofisi kabisa. Familia ya bibi huyo ina uwezekano mkubwa kuwa ya wale waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 na kupewa makazi Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Huko walilima, walilipa kodi, na watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Mwaka 2007 waliulizwa wachague, kurudi au kuomba uraia. Walioomba na kukubaliwa walikuwa kama 162,000, na vyeti vyao walianza kuvipokea 2014. Mjukuu kama hao wawili wa Mishamo ni Mtanzania kama mimi na wewe, na anaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa kama mtoto mwingine yeyote anayehamia kutoka Katavi: namba yake ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, ipo, omba uhamisho wake.

Wanaokuja kutoka makambi ya Kigoma, au moja kwa moja kutoka Burundi, ni habari nyingine. Makambini, watoto wa Kirundi wamekuwa wakisoma mtaala wa Burundi na wa Kikongo mtaala wa Kongo, kwa hoja kwamba watarudi kwao. Jirani zetu Uganda wamechagua njia tofauti, mkimbizi na mwenyeji wanakaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja. Nina maoni yangu kuhusu ipi ni bora, utakuwa umeyabahatisha, lakini si wewe wala mimi tunaoandika sera hiyo. Ninachotaka ujue ni kwamba siku ukiletewa mtoto aliyetoka kambini, usidhani kwa kuwa ameishi Tanzania miaka minane basi amesoma vitabu vyetu. Na ukiletewa Mkongo wa Kivu, tahadhari nyingine: huyo anaongea Kiswahili tangu tumboni, ila atakuambia batoto na bintu, na shule ataiita masomo. Walimu watamcheka. Wakatazwe.

Sasa swali lako la usalama, na hapa nitakuwa makini.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu kadhaa zilizoorodheshwa, na kuwa mkimbizi imetajwa humo kwa jina. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao nchi yetu imeuridhia, unadai katika ibara ya 22 kwamba kwenye elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Kumpa mtoto dawati si kosa, na wewe si ofisa uhamiaji. Usiwahoji walipitia mpaka upi.

Lakini sheria hiyohiyo ya 1998 inamtaka anayeingia kutafuta hifadhi ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku chache, na wakimbizi wanatakiwa kuishi maeneo waliyotengewa isipokuwa kwa kibali. Bibi lazima alijue hili, na ni bora alisikie kwako kwa upole kuliko kwa mtu mwingine kwa ukali. Mshauri aende yeye mwenyewe, pamoja na mtendaji wa kijiji na mtu wa ustawi wa jamii, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, aeleze kwamba ana wajukuu waliokuja bila mama. Bibi mwenye uraia anayejitokeza na watoto mkononi anasikilizwa tofauti na bibi aliyefichuliwa na jirani. Sitakudanganya kwamba jibu litakuwa zuri. Inawezekana wakaambiwa watoto waende kambini. Inawezekana ukoo ukapata njia ya kubaki nao. Wewe mjulishe Afisa Elimu Kata kwa maandishi wiki hii kwamba umewapokea watoto hawa darasani wakati mlezi anafuatilia, na ubaki na nakala. Muulize pia namna ya kuwaingiza kwenye PREM, hasa msichana, kwa kuwa hana matokeo ya darasa la nne. Usingoje mpaka msimu wa usajili wa mtihani, hapo kila mtu anakuwa na haraka na jibu linakuwa hapana.

Jambo moja usilifanye hata ukiombwa kwa machozi: kuandika uongo kwenye rejesta. Najua inavyokwenda. Mtu mwema anasema, "Mwandike kazaliwa hapa Bahi, nani atajua?" Itajulikana akienda kidato cha kwanza, itajulikana akienda NIDA, na wakati huo hutakuwepo kumtetea. Andika majina yao kama yalivyo. Utakuta ndugu hawa wa tumbo moja wana majina ya mwisho tofauti kabisa, mmoja Irakoze mwingine Nduwimana kwa mfano, na mtu atanong'ona kwamba si ndugu. Burundi kila mtoto hupewa jina lake, halirithiwi kwa baba. Kwenye nafasi ya jina la baba andika jina la baba, lisipofanana lisifanane.

Tuje kwenye uji. Wazazi wako si watu wabaya pia. Januari hadi Machi kwenu ni miezi ya njaa, ghala limebaki vumbi, na mtu aliyetoa debe lake la mahindi kwa shida ana haki ya kuuliza nani hakutoa. Wewe ukijibu kwa hotuba ya huruma umewapoteza. Jibu kwa hesabu. Kwanza, mtoto akishasajiliwa anahesabika kwenye ruzuku. Kiwango tulichokizoea ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati yake zikiingia akaunti ya shule, kwa hiyo kuwaacha nje hakumpi mtu yeyote chochote. Pili, peleka suala la bibi kwenye Kamati ya Shule mapema, kabla halijafika kilabuni, na ulipeleke likiwa na pendekezo: bibi hana mahindi mpaka avune, lakini ana nguvu. Awe anapika uji siku mbili kwa wiki, au alete kuni. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima. Nasema hivi kwa sababu nimeona kamati ikikubaliana "familia itachangia nguvu", na nguvu hiyo ikaja kuwa msichana mwenye ndoo kichwani wakati wenzake wako kwenye Hisabati.

Wakati bibi anakoroga sufuria mbele ya watu wote, maneno ya uji yatapungua yenyewe, na kina mama wenzake watajua jina lake. Na kama kwenye mkutano atasimama mzee kusema kijiji hiki hakijawahi kulea wageni, mkumbushe Kongwa. Ni mkoa huuhuu. Kuanzia 1964 pale waliishi FRELIMO, na baadaye wenzao wa Afrika Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe, na Wagogo waliokuwa majirani zao walinunua na kuuza nao. Wazee wa umri huo wanakumbuka, wapewe nafasi waeleze.

Lipo jambo hukuliuliza nami naliona linakuja: ndege. Mpunga ukianza kushika maziwa na uwele ukitoa masuke, kweleakwelea watashuka, na bibi mwenye shamba la kukodi hana wa kumsaidia kuinga isipokuwa wajukuu hao wanne. Akikosa chakula atawakodisha kwa mashamba ya wengine pia. Darasani utaona wawili leo, watatu kesho, mmoja kesho kutwa. Ongea naye sasa, kabla ya msimu. Wapange zamu ili msichana asiwe ndiye wa kila siku, maana ndiye atakayechaguliwa, mkubwa na wa kike. Walio na zamu ya asubuhi waende alfajiri shambani na kuchelewa kipindi cha kwanza, hilo nalivumilia. Kukosa wiki nzima hapana.

Kuhusu walichokiona huko walikotoka, ushauri wangu ni mfupi. Msiwaulize. Insha ya "Familia yangu" mruhusuni msichana aandike "Rafiki yangu" au "Shamba letu". Kengele yenu kama ni ringi la gari linalopigwa kwa chuma, mwonyesheni mvulana linavyopigwa, mpeni alipige mwenyewe siku ya kwanza, asije akaruka dirishani siku akilisikia ghafla. Wakinyamaza waacheni wanyamaze. Wakitaka kuongea watamchagua mtu wenyewe, na kwa kawaida wala si mwalimu mkuu, anakuwa mpishi au mlinzi. Ukiona mmoja wao hali chakula, anasinzia darasani kila siku, au anajikojolea, hapo mpeleke kituo cha afya na umshirikishe mtu wa ustawi wa jamii.

La mwisho ni karatasi. Umesema walikuja bila hata moja. Wasiondoke kwako hivyohivyo, wakienda kambini, wakirudi Burundi, au bibi akihamia kijiji kingine mpunga ukigoma. Kila mwisho wa muhula mwandikieni kila mmoja ukurasa mmoja: jina kamili, darasa, siku alizohudhuria, na kwa maneno ya kawaida anachoweza kufanya, "anagawanya kwa tarakimu mbili, anasoma Kiswahili kwa ufasaha, uelewa bado unakua". Usiandike "wastani" wala "anajitahidi", maneno hayo hayamsaidii mwalimu atakayempokea. Piga muhuri, weka tarehe, saini, mpe bibi nakala na nyingine ibaki kwenye faili lake. Bibi aiweke kwenye sanduku lile lenye Biblia.